Bia Iliyochemshwa

9 Februari

Mwanangu, Fundi wa Barafu,

Nakusalimu sana. Sisi huku ni wazima, na kama kuna wa kuhofiwa katika ukoo huu ni wewe uliyeondoka alfajiri bila hata kunywa chai. Simu nimekupigia mpaka nikaona naionea simu yenyewe. Inaita, inaita, halafu yule mama wa mtandao ananiambia nijaribu tena baadaye. Yeye angalau ananijibu. Kwa hiyo nimeona nikuandikie, na barua hii nampa jirani yetu Mwendopole, dereva wa lori, ambaye hupita huko kwenu akipata mzigo. Hana haraka, unamjua, lakini hajawahi kupoteza kitu cha mtu.

Habari za nyumbani ni zile zile. Bomba la jikoni linavuja tena. Paka amezalia ndani ya kabati la viatu, na sasa nyumba nzima tunatembea kwa ndala. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, fundi cherehani, amenunua cherehani ya pili, na kelele zake zinaanza kabla jogoo hajaamka. Baba yako mkubwa anaendelea vizuri. Anakula vizuri. Analala vizuri. Usiwe na wasiwasi naye.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae chini, maana siku hizi kukaa chini kwangu ni kazi. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Fundi cherehani ana wageni wanaokuja. Amesikia habari za kile kinywaji chako chekundu, cha bia na pilipili, ulichotengeneza hapa siku tuliposherehekea cheti chako cha ufundi. Anataka kujua kinavyotengenezwa. Mimi namuulizia tu. Tangu tuhamie nyumba hii chupa ya bia haijawahi kuvuka kizingiti, isipokuwa siku ile, na ya siku ile tunayajua sote wawili.

Najua utasema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Basi wewe niambie tu, niwashwe.

Mama yako mkubwa


2 Machi

Mama mkubwa, shikamoo.

Barua nimeipata, inanuka dizeli lakini inasomeka. Mimi ni mzima. Nimehama tena. Chumba cha kwanza kilikuwa na kunguni, cha pili kilikuwa na mwenye nyumba. Hiki cha sasa kiko juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mchana cheche zinaruka hadi usawa wa dirisha langu. Sijui kama nitakaa. Kazi ipo, nazunguka mji mzima na kisanduku changu cha spana, natengeneza mafriji ya baa na ya mabucha, na hata nikilala nasikia mota zinaunguruma. Simu ninapokea za kazi.

Msalimie Baba mkubwa. Mwambie huyo Hakimu wetu kwamba bado sijapata mji wenye chai ambayo angeipitisha.

Kinywaji hicho alinifundisha mama mmoja mwenye baa, siku nilipolifufua friji lake. Mwambie fundi cherehani achukue glasi, apake ndimu kwenye mdomo wa glasi hiyo, kisha aibinue juu ya sahani yenye chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, ili chumvi ishike pembeni. Ndani aweke maji ya ndimu, nyanya zilizosagwa na kuchujwa, pilipili ya chupa, pilipili manga kidogo, na matone ya mchuzi wa soya. Aweke barafu. Halafu amimine bia. Ni hivyo tu.

Na mwambie neno moja la mwisho. Kama kuna mtu hakipendi, amwachie mwenzake anywe. Asichukue trei nzima akaenda kuimimina kwenye sinki mbele ya wageni, na mmoja wa wageni hao akiwa ni mwalimu aliyemfundisha mtu kazi.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na lile neno la mwisho nalo limefika. Nimelikunja nikaliweka pembeni, tutalikunjua siku yake.

Huku mvua zimeanza na bomba la jikoni limepata wenzake, sasa paa nalo linavuja. Watoto wa paka wamefungua macho. Mwendopole ameoza jino na uso umevimba upande mmoja, lakini safari haachi. Baba yako mkubwa yupo, anasoma gazeti lake uani.

Kuhusu kinywaji. Fundi cherehani alikuwa na nguo nyingi za kushona, nikaona nimsaidie. Yeye alienda kununua bia, mimi nikabaki na mengine. Nyanya nilizisaga mwenyewe. Lakini chupa ilipokuwa mezani kwangu, moyo wangu ulikataa kabisa. Nilizunguka ile meza kama mtu anayetaka kumkamata kuku. Mwishowe nikasema, kwa nini nibebe dhambi ya mtu? Nikaimimina kwenye sufuria ya maziwa nikaichemsha, pombe itoke.

Mwanangu, hukuniambia kwamba inaumuka. Ilifura ikamwagika juu ya jiko lote, na nyumba ikanuka kama kilabu cha mwisho wa mwezi. Iliyobaki niliipoza, nikaichuja, nikaweka ndimu, pilipili, na yote uliyoyaandika. Kikatoka kitu cha rangi ya matofali. Fundi cherehani alichukua funda moja, akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme, na tangu hapo hajarudi jikoni kwangu.

Baba yako mkubwa naye nilimpa, kwa kuwa pombe ilikuwa imeshatoka. Alikunywa glasi nzima polepole, akaniambia ni sawa. Basi naona tatizo ni la maelekezo yako na ulimi wa fundi cherehani. Hebu niandikie tena, vizuri, kama mtu anayemwelekeza mtu anayempenda.

Mama yako mkubwa


11 Aprili

Mama mkubwa, shikamoo.

Nilianza barua yako nikicheka. Niliwasomea mafundi wenzangu kazini, mmoja akalazimika kuweka chini kikombe chake. Kuchemsha bia! Nilicheka mpaka nikafika kwenye Baba mkubwa, na hapo nikaikunja barua. Tangu siku hiyo sijatulia. Jana nilifunga friji la bucha nikaacha bisibisi yangu ndani, ikabidi nirudi kulifungua upya.

Unasema Hakimu amekunywa glasi nzima ya bia iliyochemshwa kwenye sufuria ya maziwa, akasema ni sawa.

Mama mkubwa, jina la Hakimu nilimpa mimi nikiwa bado sijaanza shule, kwa sababu hakuna sufuria iliyopita mbele yake bila hukumu. Wali umeshika moto chini. Chai imechemka mara mbili. Maharage yamelowekwa kwenye maji ya jana. Analichukia jina hilo na bado hajaacha kuhukumu. Umesahau siku aliporudisha maji ya kunywa? Maji matupu. Akasema yamekaa karibu na kitunguu. Ukafungua friji, na kweli kulikuwa na nusu ya kitunguu nyuma ya jagi. Ulikasirika siku nzima.

Mtu huyo hawezi kusema sawa kwa kitu ulichonieleza. Hata kwa adabu hawezi, adabu ya namna hiyo hajawahi kuwa nayo. Ana nini?

Nimekupigia simu wiki hii. Mara hii ni wewe usiyepokea. Tumebadilishana viti, sivyo?

Kuna methali uliyonifundisha mwenyewe nilipokuwa nikificha kidonda cha mguu. Mficha maradhi. Mwisho wake sitaki kuuandika.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Mvua imepungua. Bomba limetengenezwa na fundi aliyenisikiliza, si kama wengine. Paka mmoja amechukuliwa na mke wa Mwendopole. Fundi cherehani tumepatana.

Baba yako mkubwa anakula vizuri. Simu ilikuwa haina chaji.

Nina swali dogo tu. Barafu inawekwa kabla ya bia au baada ya bia?

Mama yako mkubwa


6 Mei

Mama mkubwa, shikamoo.

Kabla.

Ana nini?

Kampuni inataka kunihamisha, mbali zaidi ya hapa, kwenye maghala ya baridi ya samaki. Mkataba ni wa miaka mitatu na likizo ni za kuhesabu. Wanataka jibu kabla ya Juni kwisha. Wenzangu wananiambia nikubali, chumba nitapewa na nitaacha huku kuhamahama. Sijajibu. Natembea chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni, na chumba chenyewe ni kidogo, kwa hiyo nageuka sana. Siwezi kujibu mtu yeyote jambo lolote mpaka wewe unijibu.

Mwanao


25 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nimeiandika barua hii mara nyingi nikaichana. Hii ya leo sitaisoma tena, nitaifunga hivi hivi.

Hapa nyumbani hatuko wazima. Baba yako mkubwa alishikwa na mafua makali siku chache baada ya wewe kuondoka. Homa, kikohozi, mwili wote ukimuuma. Tukadhani ni mafua ya kawaida, yakaisha kama yanavyoisha. Lakini yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Hasikii harufu ya kitu chochote, na ulimi nao umekufa ganzi. Daktari anasema wako wanaopona na wako wasiopona, na kwamba harufu ikianza kurudi, ladha itaifuata. Anasema jambo la maana ni ale, kwa sababu mwili hautaisubiri pua.

Lakini hali chakula. Hapo ndipo penye shida yote. Anakula vijiko vitatu vinne kwa ajili yangu, kisha anasogeza sahani. Nikimuuliza chakula kikoje, ananiambia ni sawa. Kila kitu ni sawa. Nimepika wali ukaungua makusudi, nikamwekea, akasema sawa. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama huko kitambo. Miaka yote nilimwomba mume huyu aache kuninyanyasa na chumvi na moto na maji ya jana, na sasa kwa neno moja la lawama kutoka kwake ningetoa cherehani mbili za mpangaji, na mpangaji juu yake.

Fundi cherehani amempunguzia suruali zote kiunoni. Ndivyo alivyoijua siri. Wageni hakuwa nao, nilimsingizia, na amekubali kusingiziwa.

Mwezi wa tatu niliacha maziwa jikoni nikatoka kidogo. Niliporudi sufuria ilikuwa imegeuka mkaa, moshi umejaa, na yeye ameketi pale pale mgongo kwa jiko anasoma gazeti. Alipoona uso wangu ndipo akageuka. Kesho yake aliniambia, "Nyumba inaungua nyuma yangu na mimi nasoma habari za mpira."

Sasa kuhusu kinywaji. Tangu mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikimuuliza kila siku, unatamani nini? Kila siku alinijibu hatamani. Halafu siku moja mwezi wa pili, bila kuulizwa, akasema siku ile ya sherehe yako alipata funda moja kabla sijaichukua ile trei. Alisema, "Ile pilipili niliisikia hadi masikioni. Vyakula vingine vyote nimesahau vilivyokuwa. Kile nakikumbuka." Ndiyo nikashika kalamu siku hiyo hiyo.

Alinikataza kukwambia. Alisema mtoto ameondoka kwa hasira, asirudi kwa huruma. Nami nilikuwa na sababu yangu. Nilijua nikikwambia ungekuja mbio kwa ajili yake, na nilitaka kwanza upokee simu kwa ajili yangu. Ni ujinga wa mtu mzima, lakini ndio niliokuwa nao. Simu zako sikupokea kwa sababu mkono wangu unaweza kudanganya, sauti yangu haiwezi.

Kuhusu hayo maghala ya samaki, mimi sina la kukwambia. Fanya unavyoona.

Mama yako mkubwa


2 Juni

Mama mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Baba mkubwa. Barua hii sikumngoja Mwendopole, nimeituma kwa basi pamoja na kifurushi. Ndani kuna chupa ya pilipili, nimeiviringisha kwenye soksi mpya za kazini. Soksi ni za Baba mkubwa, miguu yake haijapungua, natumaini.

Nilikaa na barua yako kwenye ngazi za karakana mpaka wachomeleaji wakafunga. Mmoja wao aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado. Neno hilo liliniogopesha kuliko swali lake.

Sasa nisikilize, safari hii naelekeza kama ulivyoniomba. Yule mama wa baa nilienda kumuuliza tena, nikamweleza habari za Hakimu. Aliniambia kitu ambacho sikukifikiria. Alisema pilipili haionjwi kwa pua wala kwa ulimi, pilipili inauma. Ndimu inakamua mashavu. Bia inachoma puani kwa mapovu yake. Mtu asiyesikia ladha anaweza bado kusikia hayo, kama mtu aliyelala anavyosikia akitikiswa bega. Ulipoichemsha bia uliua mapovu, ikabaki maji machungu. Kwa hiyo usiichemshe. Nakuomba. Muulize daktari kwanza kama glasi moja haigombani na dawa zake, na akikubali, usiichemshe.

Bia iwe baridi hadi chupa itoke jasho. Glasi nayo iweke kwenye friji mapema. Nyanya zichuje mara mbili, zisiwe nzito. Ndimu ikamue saa hiyo hiyo, usikamue asubuhi ukaja kuitumia jioni. Chumvi ya pembeni iwe ya kupakwa kidogo, si ya kuzamishwa, kwa sababu najua mkono wako. Bia imimine ukiwa umeinamisha glasi, polepole, ipite ubavuni, mapovu yasiishie juu. Mpe hapo hapo. Usisimame kuomba msamaha mbinguni wakati mapovu yanaisha.

Mama mkubwa, kuja sijui. Naogopa. Naogopa kumkuta amekonda, na naogopa lile sinki. Siku ile nilikuwa nimejifunza kitu huko nje, nikakileta nyumbani kwa mikono yangu, nikasema na hawa wanaonipenda waonje nilichokipata. Ulipomwaga, wageni waliona bia ikienda. Mimi nilijiona mwenyewe nikizunguka kwenye tundu la sinki. Nimekuwa nikihama vyumba tangu hapo, na kila ninapofungua mlango mpya naangalia kwanza sinki liko wapi.

Kampuni inanidai jibu. Nimewaambia mwisho wa mwezi.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Salamu zangu ni nyingi, na leo naziandika nikiwa nimekaa chini, na sijainuka tangu nimeanza.

Lile neno nililolikunja nalikunjua sasa. Nyumba tuliyozaliwa mimi na marehemu mama yako, bia ndiyo iliyokuwa baba. Ikisema tukae, tunakaa, ikisema tukimbie, tunatokea dirishani. Mama yako alikuwa mchanga, nilimbeba mgongoni, hakukumbuka. Mimi nilikumbuka kwa niaba ya wote wawili. Siku ya sherehe yako niliona chupa mezani kwangu na wewe umesimama kando yake unacheka, sura ni ya mama yako, na sikuona cheti, sikuona mwalimu wako, sikuona chochote. Hiyo ndiyo sababu, lakini sababu si haki. Nilikuaibisha mbele ya watu siku ya furaha yako. Nisamehe. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Bia nayo ni hivyo hivyo. Lakini nyingine inanunuliwa, na nimeenda kuinunua mwenyewe.

Daktari alikubali glasi moja. Fundi cherehani alijitolea kwenda, nikamkatalia. Nilijifunika mtandio mpaka machoni kama mwizi wa kuku, nikaingia baa ya kona saa nne asubuhi, nikidhani saa hiyo hakuna mtu. Yupo nani? Mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, yule anayetutoza faini kwa kuchelewa, kwenye meza ya pembeni, na chupa mbele yake. Tukatazamana. Akaniambia anamngoja mtu. Nikamwambia hata mimi. Tumekubaliana hivyo na hakuna zaidi. Muuzaji akaniuliza nataka ya moto au ya baridi. Nikamwambia baridi, tena sana, za moto nimezichoka.

Nilifanya kila kitu kama ulivyoandika. Barua yako niliiegemeza kwenye birika. Pale kwenye chumvi tu nadhani mkono ulinizidi. Ndimu ilikuwa moja tu ndani ya nyumba, nikaikamua hiyo hiyo. Baba yako mkubwa alikuwa amekaa mezani na soksi zako mpya miguuni, ananitazama bila kuuliza, kama anavyofanya siku hizi.

Nilimwekea mbele. Akachukua funda la kwanza, akafumba macho. Machozi yakamtoka, lakini hiyo ilikuwa pilipili, hata mimi nililia nilipoionja. Akachukua la pili. Mimi nilisimama na kijiko mkononi, na kijiko hicho sijui nilikishikia nini. Akaweka glasi chini. Akaichukua tena, akaisogeza karibu na uso bila kunywa, akaishika hapo muda mrefu. Kisha akanitazama, mwanangu, kwa lile jicho. Unalijua lile jicho. Sikuwa nimeliona tangu uondoke.

Akasema, "Chumvi imezidi."

Nilikaa sakafuni. Fundi cherehani alikuja mbio kwa kusikia kilio, akanikuta hapo chini nalia na kucheka, na mume wangu juu ya kiti ananieleza, mbele ya mpangaji, kwamba tangu tuoane sijawahi kuwa na kipimo cha chumvi. Nilimwambia aendelee. Aliendelea. Jioni alikula sahani nzima ya wali na maharage, na akasema maharage hayana kitu. Hajapona yote, najua. Mengi bado hayasikii. Asubuhi ya leo chai ilikuwa sawa tena, nikaogopa, lakini mchana akalalamikia mchuzi.

Sikwambii uje. Wala sikwambii usiende kwenye samaki wako. Nasema tu kwamba simu yangu ina chaji, na kwamba sinki hilo naliosha kila siku na halina neno nawe.

Sasa ananiomba kalamu. Anasema ana jambo la kitaalamu la kukwambia, na nisiangalie.

Mama yako mkubwa

*

Mwanangu,

Mama yako anatia chumvi kama anakausha samaki. Ndimu ilikuwa ya juzi.

Lakini hayo ni madogo. Barafu ile ilikuwa na harufu ya kitunguu. Sikumwambia, alikuwa sakafuni. Nimeinusa mara mbili nikahakikisha, na baadaye nimefungua mwenyewe nikakikuta, nusu ya kitunguu, nyuma ya jagi, pale pale.

Friji hili linataka fundi.

Hakimu